Kidole Kinaponasa: Chanzo, Dalili na Tiba

Mtu aamkapo asubuhi akakuta kidole kimekunjika na hakikunjuki, kisha kikafyatuka ghafla kwa maumivu, aghalabu husema kwamba kidole kimeteguka. Kauli hiyo humpeleka kwa mkandaji, naye hukivuta na kukisugua ili kifundo kirejee mahali pake. Makala haya yanadhamiria kubainisha kwamba hakuna kilichoteguka. Kidole kimenasa, na tofauti baina ya vitenzi hivi viwili ina uzito mkubwa katika tiba.

Misuli mikuu inayokunja vidole haimo vidoleni bali katika kigasha. Huvivuta vidole kwa kano, mfano wa kamba ndefu zinazopita kiganjani. Kano hizo zimo ndani ya ala, nayo ala hushikiliwa kwenye mifupa kwa pete imara. Pete hizo hufanya kazi kama kapi jahazini: huiongoza kamba isiache njia yake. Ile ya kwanza, iliyoko kwenye shina la kidole upande wa kiganja, ndiyo hasa huleta matatizo. Ikinenepa, njia hubana. Nayo kano hufanya uvimbe mfano wa fundo. Kamba yenye fundo huweza kulazimishwa kupita upande mmoja, kisha ikakwama wakati wa kurudi. Uvimbe huo ulielezwa na tabibu Mfaransa, Alphonse Notta, mwaka 1850. Hivyo basi, mgonjwa anaweza kuhisi mnaso kwenye kifundo cha katikati, ilhali chanzo kimo kiganjani.

Maradhi haya huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, hasa baina ya umri wa miaka 40 na 60. Kidole cha pete na kidole gumba ndivyo huathirika mara nyingi. Wagonjwa wa kisukari na wa baridi yabisi wamo hatarini zaidi. Kazi zinazohitaji kushika kitu kwa nguvu na kwa kurudiarudia huweza kuuchochea mnaso, ingawa mara nyingi chanzo mahsusi hakijulikani.

Tiba huenda kwa hatua. Mnaso ukiwa mwepesi, mgonjwa hushauriwa kupunguza kazi inayouchochea na kufungwa banzi ili kidole kikae kimenyooka, hasa usiku, kwa wiki kadhaa. Hali isipobadilika, daktari huweza kudunga sindano ya steroidi ndani au kandokando ya ala. Sindano hiyo huwafaa wagonjwa wengi, ijapokuwa mafanikio yake hupungua kwa wenye kisukari, na huweza kuwapandishia sukari kwa siku kadhaa. Yote hayo yasipofaa, hufanywa upasuaji mdogo: kiganja hutiwa ganzi, pete iliyobana hukatwa, na kano hupata nafasi ya kupita. Mgonjwa huweza kurejea nyumbani siku iyo hiyo.

Kukivuta kidole kwa nguvu hakuipanui pete iliyobana, bali huweza kuzidisha uvimbe. Zaidi ya hayo, kidole kilichoachwa kimenasa kwa muda mrefu huweza kukakamaa, kisinyooke kikamilifu hata baada ya kupasuliwa. Aidha, kidole kilichovimba chote, chekundu, chenye joto na maumivu makali kinaweza kuwa na maambukizi. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitalini bila kukawia.

Kiingereza kiliyaita maradhi haya kwa kurejelea kifyatulio cha bunduki. Kiswahili hakilazimiki kuiazima bunduki hiyo, kwani mtego pia hunasa na hufyatuka. Istilahi 'kidole mnaso' ingeweza kufaa, maadamu inataja kinachotokea na haidokezi mfupa uliohama. Mgonjwa anayemwambia daktari kwamba kidole chake 'kinanasa, kisha kinafyatuka' amekwisha kumpa kidokezo kikuu cha utambuzi wa maradhi yake.