Umepiga Windows upya, anwani za imeili hazionekani? Anzia hapa

Kwa mwenye steshenari pale Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda, orodha ya anwani za imeili ni sehemu ya duka. Humo wamo walimu wanaotuma mitihani ya kuchapwa, vikundi vinavyoleta katiba zao, na wauzaji wa wino walioko Tabora au Dar es Salaam. Kompyuta ikianza kuganda, fundi anasema dawa ni kupiga Windows upya. Wengine wamefika kwa fundi kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tangu 14 Oktoba 2025. Kazi inaisha, mashine inawaka fasta, halafu mwenye duka anafungua programu yake ya imeili na kukuta hakuna hata jina moja.

Kabla ya kumgombeza fundi, jiulize: anwani hizo zilikuwa zinakaa wapi?

Kama ulikuwa unafungua brauza na kuingia Gmail, Yahoo au Outlook.com, pumua. Anwani zako zipo kwenye seva za kampuni hizo, na kupiga Windows hakuzigusi. Ingia na akaunti ile ile. Kwa Gmail, nenda contacts.google.com. Jina usiloliona litafute palipoandikwa Other contacts, maana Google huweka hapo watu uliowahi kuwaandikia bila kuwahifadhi. Lililofutwa hukaa kwenye Trash siku 30. Kinachokwamisha wengi hapa ni paswedi: ilikuwa imehifadhiwa kwenye brauza ya zamani, na laini ya simu ya kurejeshea akaunti ilishapotea.

Kasheshe ni kwa wanaotumia programu iliyowekwa ndani ya kompyuta, kama Thunderbird au Outlook ile ya siku nyingi. Fundi huuliza, "Kuna vitu vya kuhifadhi?" Mteja anajibu picha na mafaili ya kazi. Fundi anakopi Desktop na Documents, anaweka kwenye flashi, anafuta diski. Hajakosea, amefanya alichoambiwa. Lakini Thunderbird huweka anwani kwenye faili linaloitwa abook.sqlite, ndani ya folda ya AppData, ambayo Windows huificha isionekane. Asiyejua kwamba ipo hawezi kuomba ikopiwe.

Outlook ina mtego wake. Ukiwa umeunganisha Gmail kwa njia ya IMAP, barua zinapatikana kwenye seva, lakini anwani ulizoandika ndani ya Outlook hubaki kwenye kompyuta hiyo tu. Ndiyo maana mtu anaunganisha upya, barua zote zinarudi, majina hayarudi. Na yale majina yaliyokuwa yakijitokeza ukianza kuandika herufi mbili tatu si lazima yawe anwani ulizohifadhi. Mara nyingi ni kumbukumbu ya programu, nayo inaondoka na Windows ya zamani.

Kama umeshagundua zimepotea, usianze kupakua filamu wala kuweka programu mpya. Kila kitu kipya kinaweza kuandikwa juu ya faili unalolitafuta. Fungua diski C uangalie kama kuna folda ya Windows.old. Huwa inakuwepo kama Windows iliwekwa juu ya ile ya zamani bila kufuta diski, na ndani yake kuna Users, jina lako la zamani, kisha AppData. Wahi, kwani Windows huweza kuifuta yenyewe baada ya siku kama 10. Muulize pia fundi kama bado ana kopi yoyote kwenye flashi yake.

Diski ikiwa ilifutwa kabisa, programu za kufufua mafaili kama Recuva zinaweza kusaidia kwenye diski za zamani zinazozunguka. Kwenye SSD matumaini ni madogo sana, kwa kuwa yenyewe husafisha nafasi za mafaili yaliyofutwa.

Ukilipata abook.sqlite, funga Thunderbird, liweke kwenye folda ya profaili mpya mahali pa lile tupu, kisha ifungue. Kwa Outlook, faili lenye mwisho wa .pst linafunguliwa kupitia File, Open & Export, halafu Open Outlook Data File. Lenye mwisho wa .ost halifunguki hivyo, na hapo fundi mzoefu anahitajika.

Usipopata faili lolote, ingia kwenye imeili yako kwa simu na ufungue Sent. Kama barua ulizotuma bado ziko kwenye seva, kila uliyemwandikia yumo. Ni kazi ya jioni moja au mbili, jina kwa jina. Yaongeze moja kwa moja kwenye Contacts ya akaunti ya Google, siyo kwenye kompyuta, yataonekana na kwenye simu.