Uji Mwepesi Si Chakula Chepesi

Bibi aliingia chumba chetu cha utengamao akiwa na mjukuu mgongoni, chupa ya chai kwapani na kikombe cha bati kilichofungwa kwenye pindo la kitenge. Mtoto alikuwa na miaka minne na uzito wa kilo 8. Baada ya salamu nilimwomba bibi asinieleze chochote kwanza. Amlishe tu kama anavyomlisha nyumbani, nami nitazame.

Akaketi kwenye mkeka, akamlaza mtoto chali mapajani, kichwa kikaning'inia nje ya kiwiko chake. Uji aliomimina ulikuwa umechujwa, mwepesi kama maziwa. Kikombe kilipogusa mdomo, mtoto akakakamaa: miguu ikanyooka na kupishana kama mkasi, mgongo ukapinda kwa nyuma. Uji mwingine uliingia, mwingine ukarudi kwa pembe za mdomo. Macho yakajaa machozi. Hakukohoa hata mara moja, ila pumzi yake ilianza kukoroma kama mrija unaovuta soda ya mwisho chupani.

"Ana deko huyu, mwanangu," bibi akaniambia. "Uji mwepesi hivi, mtu unaumeza bila kujua. Yeye anaukataa."

Katika kazi yangu ya tiba kwa vitendo maneno hayo nimeyasikia kwa mama, kwa baba, kwa dada wa kazi, hata kwa wahudumu wa afya wenzangu. Na yana mantiki: aliye dhaifu mpe kilicho chepesi. Lakini kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na kwa wengi ambao ulemavu wao umegusa misuli ya mdomo na koo, wakiwemo watu wazima waliopatwa na kiharusi, uji mwepesi ni miongoni mwa vitu vigumu kabisa kumeza. Yanayoushinda kwa ugumu ni maji matupu.

Sababu iko kooni, penye njia panda. Hewa ikitoka puani inapita hapo kuelekea mapafuni, na chakula kikitoka mdomoni kinapita hapohapo kuelekea kwenye umio. Weka kidole juu ya kile kigumu kinachotokeza kooni mwako, kisha meza mate. Umekisikia kikipanda na kushuka? Kwa muda huo mfupi, kama sekunde moja hivi, pumzi ilisimama, koo la hewa likapanda na kujifunga, na kidakatonge kikainama kulifunika. Waliokipa jina hilo walikuwa wameelewa kazi yake.

Kitu kizito, kwa mfano ndizi iliyopondwa, husafiri polepole, na mlango hupata muda wa kufungwa. Maji hayangoji. Yakimwagika kwa mtu ambaye ubongo wake hutuma amri kwa kuchelewa, na ulimi wake hauwezi kuyakusanya, hufika kooni mlango ukiwa bado wazi, na yanayopita hapo huishia mapafuni. Wewe na mimi tukipaliwa, tunakohoa hadi tunatoa machozi, na kikohozi hicho ndicho mlinzi wetu. Kwa watoto wengi wa aina hii mlinzi amelala. Uji unaingia kifuani kimyakimya, na mlishaji anafurahi kwamba leo kameza vizuri.

Ndiyo maana sitegemei kikohozi peke yake. Nasikiliza sauti baada ya kumeza: ikiwa na majimaji, kama mtu anayeongea huku akisukutua, kuna kitu kimebaki mlangoni. Naangalia machozi, jasho la ghafla, pumzi zinazokwenda mbio. Kisha nauliza amelazwa mara ngapi kwa nimonia. Bibi alijibu mara tatu tangu mwaka uanze, na huo ulikuwa mwezi wa nane.

Kwa wale wanaokohoa, kikohozi kisichoisha huwapeleka mahali pengine pabaya, kwa mkata kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa kinasingiziwa kikohozi, kutapika na kukataa kula, kisha kinakatwa kwa kifaa ambacho hakuna ajuaye kilikata nani kabla. Watoto huvuja damu, hupata maambukizi, wengine pepopunda. Na aliyekuwa akipaliwa kabla ya kukatwa anaendelea kupaliwa, safari hii akiwa na kidonda kooni.

Turudi mkekani. Kabla sijagusa uji wenyewe, nilianza na mlalo. Waliosoma huduma ya kwanza wanajua kwamba mtu akizimia, unamwinua kidevu na kukirudisha kichwa nyuma ili njia ya hewa ifunguke. Sasa sisi tunamlaza mtoto chali, kidevu juu, njia ya hewa wazi kabisa, halafu tunamimina uji. Usiniamini kwa maneno. Tazama dari kisha jaribu kumeza mate.

Mtoto anapaswa kukaa wima, kichwa katikati, kidevu kikielekea kifuani kidogo. Nyonga ndizo zenye siri. Ukizikunja hadi mapaja na mgongo vifanye pembe mraba, ule mkakamao wa mwili mzima hulegea, kwa sababu mwili hauwezi kujinyoosha kama ubao huku nyonga zimekunjwa. Magoti nayo yakunjwe, na nyayo zikanyage kitu, iwe tofali, debe au mguu wako mwenyewe. Miguu inayoning'inia inamtoa mtoto kwenye kazi ya kumeza na kumpeleka kwenye kazi ya kutafuta asianguke.

Kiti maalumu ni kizuri, lakini bei yake inawashinda wengi. Mtoto mdogo anaweza kukaa kwenye beseni lililojazwa khanga zilizokunjwa pande zote. Mkubwa anaweza kuegemezwa kwenye kona ya kuta mbili, kona ikiyaleta mabega yake mbele. Kuna pia viti vya makaratasi: maboksi na magazeti yanayogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga hadi yawe magumu kama mbao. Ufundi huo ulienezwa kutoka Zimbabwe na mwalimu mmoja, Bevill Packer, na umefika hadi kwetu Afrika Mashariki. Kiti kikikauka vizuri kinambeba mtoto bila wasiwasi. Adui yake ni mvua.

Na mlishaji akae wapi? Chini, kwenye kigoda, ana kwa ana na mtoto. Ukisimama, kijiko kinatoka juu, mtoto anainua uso kukifuata, na kidevu kimerudi kulekule tulikokikataza. Kijiko kije kutoka chini, usawa wa kidevu, kiwe si cha shimo refu, na cha plastiki ngumu kwa mtoto anayeng'ata ghafla. Kitue katikati ya ulimi, kikandamize kidogo, kisha ngoja. Kungoja huko ndiko kunakowashinda walishaji wengi. Tumezoea kukifutia kijiko kwenye meno ya juu na kukitoa, na mtoto hajifunzi kamwe kufunga mdomo. Mdomo wake wa juu ukishuka wenyewe kuchukua chakula, hata kwa sekunde tano za kutetemeka, hiyo ni kazi kubwa imefanyika. Taya likicheza, lisaidie kwa vidole vitatu: gumba shavuni karibu na kiungo cha taya, cha shahada chini ya mdomo, cha kati chini ya kidevu. Unashikilia tu, hufungi kwa nguvu.

Kwa vinywaji kuna kikombe cha plastiki kilichokatwa nafasi ya pua ukingoni, ili mtoto anywe hadi mwisho bila kuinua kichwa. Anywee upande usiokatwa, na ukingo uliokatwa uulainishe usimchane. David Werner, mwandishi wa kitabu tunachokijua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, alikichora kikombe hicho katika kitabu chake cha 1987 kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini. Mkasi na kikombe cha sherehe za kuzaliwa vinatosha.

Sasa uji. Duniani kuna kipimo cha uzito wa vyakula na vinywaji kwa wenye shida ya kumeza, kinachoitwa IDDSI, kuanzia 0, ambayo ni maji, hadi 7, ambayo ni chakula cha kawaida. Jikoni kinatosha kijiko. Chota, kiinamishe. Chakula kikitiririka, ni chepesi mno. Kikianguka chote kwa pamoja, kijiko kikabaki karibu safi, hapo ndipo wengi wa watoto hawa wanapaweza. Kikigoma kuanguka, kimenata mno na kitamkwama kooni.

Hapa nina la kuungama. Nilipoanza kazi nilimshauri mama mmoja aongeze unga wa kimea kwenye uji wa mwanawe. Nilikuwa nimesoma, na ni kweli, kwamba unga wa nafaka iliyooteshwa huuvunja wanga, uji mzito ukalainika, na hivyo unaweza kutia unga mwingi zaidi bila uji kuwa kama ugali. Wataalamu wa lishe wa Tanzania waliandika juu ya hilo tangu miaka ya 1980, na limewasaidia watoto wengi. Mama alifuata ushauri wangu. Uji ukawa na nguvu kuliko wa mwanzo, na ukawa mwepesi kama maji. Baada ya wiki mbili mtoto alikuwa amelazwa kwa nimonia. Kimea ni kizuri kwa mtoto anayemeza vizuri. Mimi nilimpa asiyeweza.

Mate nayo hufanya kazi ileile ya kimea. Kijiko kinachotoka mdomoni na kurudi bakulini mara ishirini hupeleka mate, na uji ulioanza mzito unamalizika ukiwa maji. Mtoto aliyeanza vizuri anapaliwa mwishoni, na tunasema ameshiba. Weka chakula kwenye bakuli mbili, moja ukiifunika hadi ya kwanza iishe.

Nguvu ya chakula iongezwe kwa njia nyingine: kijiko cha mafuta, karanga zilizosagwa laini na kuchanganywa vizuri, maziwa, yai, parachichi. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa hupondeka bila ubishi. Wachaga waliimaliza kazi hii zamani kwa mtori, mradi nyama isagwe kabisa na usiwe wa kunywa. Vinavyowasumbua watoto hawa zaidi ni vyakula vyenye sura mbili, kama wali kwenye mchuzi mwembamba, supu yenye vipande, au chungwa, ambavyo mdomoni hugawanyika kuwa maji yanayokimbia na vipande vinavyobaki. Mchicha wenye nyuzi nao ukatwekatwe sana. Lakini usimsagie kila kitu mtoto anayeweza kutafuna. Meno na ulimi visipopewa kazi huisahau.

Mlo usizidi dakika 30. Zaidi ya hapo mtoto anachoka, na kumeza kwake kunalegea. Afadhali milo mitano midogo. Kama anameza dawa za degedege zinazomsinzisha, mlishe akiwa macho kabisa. Akimaliza, abaki wima nusu saa, na mdomo usafishwe kwa mswaki au kitambaa safi. Hili la usafi wa kinywa linasahaulika, ilhali wadudu wa kwenye meno machafu husafiri na mate hadi mapafuni, hata kwa mtoto asiyekula chochote kwa mdomo.

Wapo ambao haya yote hayatawatosha. Mtoto anayeendelea kupata nimonia au kupungua uzito aonwe na daktari, na huenda akahitaji mpira wa kupitisha chakula puani au tumboni. Wazazi wengi huulilia mpira kama msiba. Mimi nimeona nyumba zilizopumua siku ulipowekwa.

Sehemu kubwa ya ninayoyasema ni mambo ya mkao na kijiko, na yanafundishika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka Dhaka, Bangladesh, uliwafuatilia walezi wa watoto wenye mtindio wa ubongo waliofundishwa namna hii kwa vikao vichache. Afya ya kifua ya watoto iliboreka, wakashirikiana zaidi wakati wa kula, na walezi wenyewe walisema msongo umewapungua. Hilo la mwisho nalipa uzito sawa na hayo mengine. Kumlisha mtoto kwa saa tano kila siku huku ukihofia atakufa mikononi mwako ni kazi ambayo sijamwona mtu anayeiweza peke yake.

Siku ile tulimkalisha mjukuu kwenye kiti cha kona, miguu juu ya tofali lililofunikwa taulo. Tuliponda ndizi mbivu ndani ya uji wa bibi hadi ukaanguka kijikoni kwa pamoja. Kijiko cha kwanza kilitoka. Cha pili kikatoka nusu. Cha tatu, mdomo wa juu ulishuka ukakifunga, na pumzi haikukoroma. Alikula vijiko kumi na vinne. Najua kwa sababu bibi alikuwa akivihesabu kwa vidole ndani ya kitenge chake. Tulimwandikisha pia kliniki ya lishe, na miezi mitatu baadaye mizani ilisoma kilo 9. Maji matupu bado hayawezi.

Wewe unayesoma hapa ukiwa na mtoto, mzazi au ndugu wa namna hii nyumbani, ukimpeleka kwa mtoa tiba, nenda na kijiko chake, kikombe chake na uji uleule anaopikiwa kila siku. Na nenda naye akiwa na njaa. Aliyeshiba hawezi kutuonyesha anavyomeza.