Leseni ya urubani unayo, kazi je?

Umemaliza mafunzo pale Wilson, saa 200 za kuruka umefikisha na leseni ya urubani wa kibiashara iko mfukoni. Kazi sasa? Hapo ndipo kuna kibarua. Leseni ya kukufanya nahodha wa ndege kubwa ya abiria hudai saa 1,500, na kuzilipia mwenyewe si mchezo.

Basi usione haya kuanzia chini. Wenzako huongeza cheti cha ualimu, wakafundisha wanagenzi huku saa zikipanda. Wengine hupakia mizigo au hukaa kaunta ya abiria. Wengine huendesha teksi, bora wapate pesa za kupimwa afya kila mwaka, maana bila cheti hicho huruki.

Ukiweza kuchagua, chagua kazi iliyo karibu na ndege. Nafasi ikitokea, huitwa anayejulikana.