Mchezo ni Shule ya Sheria

Mtu apitaye Kibera au Kawangware jioni, watoto wakiisha kutoka shuleni, hukosi kuwakuta vichochoroni wakicheza kati. Wawili husimama mbalimbali wakirushiana mpira wa matambara, na wenzao walio katikati huukwepa. Aguswaye na mpira hutoka. Wazazi wengi huuona mchezo huo kuwa ni upuuzi na kupoteza wakati. Lakini tukiutazama vizuri, twaona kwamba una mafunzo makubwa.

Kwanza, hapana mwamuzi wala askari. Watoto wenyewe huweka sheria, na wenyewe huzilinda. Aliyeguswa akikana, mchezo husimama, wakabishana mpaka wapatane. Kwani wasipopatana hapana mchezo tena. Pili, mwenye kudanganya kila siku huadhibiwa bila fimbo: kesho yake haitwi. Tatu, aliyeshindwa leo hurudi kesho bila kinyongo. Wahenga walisema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, alieleza kwamba ustaarabu wa wanadamu ulichipuka ndani ya mchezo. Hata mahakama, alisema, ina asili hiyo. Na kweli, humo mna mipaka, mna pande mbili zishindanazo, na mna kanuni zinazowafunga wote.

Hasara ya kupotewa na mafunzo hayo si ndogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wa Kibera walipigana kwa ukabila, nyumba zikachomwa, na reli ikang'olewa. Kawangware nako kulitokea mapigano mwezi wa Oktoba 2017. Waliopigana hawakuwa watoto. Tena yafaa tukumbuke kwamba mtu hukubali kushindwa pale tu anapoamini kwamba mchezo ulikuwa wa haki. Kwa hiyo mshindwa ana wajibu wake, na mwamuzi naye ana wake.

Wako waliolitambua jambo hili. Tangu mwaka 2001 chama kilichoanza kwa jina la Carolina for Kibera kimetumia mpira wa miguu kuwakutanisha vijana wa makabila mbalimbali. Kadhalika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Kenya iliukubali mwaka 1990, wasema katika kifungu cha 31 kwamba kucheza ni haki ya mtoto.

Lakini haki hiyo yahitaji mahali. Nyumba zimesongamana, na watoto hucheza barabarani na kando ya reli, penye hatari. Basi kila anyakuaye kiwanja cha watoto ajue kwamba amefunga shule. Nanyi wazazi, msikiapo watoto wakibishana mchezoni, msikimbilie kuwaamua. Waacheni kwanza wapatane wenyewe. Huko ndiko kujifunza.