Mzambarau Upi? Jina la Mti wa Ardhioevu katika Mpaka wa Tororo na Busia
Katika mabonde ya Mulanda, wilayani Tororo, jina la mti laweza kuamua mche upi upandwe. Neno *mzambarau* hutumika kwa spishi mbili zenye asili tofauti. *Syzygium cumini* ilitoka Asia ya Kusini. Waganda huiita *jambula* na Wajaluo *jamna*, majina yanayorandana na *jamun* la Kihindi. *Syzygium cordatum* ni mti wa Afrika, wenye majani mabichi mwaka mzima, umeao kandokando ya maji. Hata jina lake la Kiingereza limejengwa juu ya neno “maji”.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, imeikabidhi serikali dhamana ya ardhioevu. Waraka wa Kiswahili ukiagiza tu “mizambarau” ipandwe kingoni mwa kinamasi, kitalu kitatoa jambula, na agizo litakuwa limetekelezwa kwa neno, si kwa mti. Kibainishi *mwitu* hakitoshi, kwani huashiria kitu duni. *Mzambarau-maji* ungefaa zaidi, ukiandamana na jina la kisayansi pamoja na lile la Kidhopadhola au Kisamia, kama litamkwavyo na wazee wa mahali husika.