Katika Hayo Yote, Lipi?

Kwetu Tanga mtu hasemi ana sonona. Anasema ana mawazo, anayemsikia anaitikia "pole", na habari imeishia hapo. Ya kwangu yalianza nilipofungua mabelo mawili ya mitumba mfululizo, yote yakatoka mabovu, na kwenye kikoba nimebakiza marejesho matatu. Nikawa naamka saa tisa usiku, nahesabu wanaonidai mpaka adhana ya alfajiri. Hospitali niliyokwenda ilinipa vidonge vya usingizi na tarehe ya kurudi baada ya wiki 8.

Jirani yangu, muuguzi mstaafu, akaniita barazani kwake. Nikamwamkia, nikakaa nikisubiri nasaha. Hakutoa hata moja. Aliniacha nimwage yote: deni, mume aliyenuna, mtoto aliyefeli hesabu, mguu unaovimba. Kisha akachukua daftari la mjukuu wake.

"Katika hayo yote, mwanangu, lipi tulianze wiki hii?"

Deni.

"Haya, taja njia. Hata za kijinga."

Tukaandika sita, mojawapo kuhamia Pemba. Nikachagua kumwendea mweka hazina kabla ya kikao, nimwombe nilipe nusunusu.

"Siku gani? Saa ngapi?"

Jumanne saa kumi, kabla hajafunga genge lake.

"Jumatano njoo unieleze."

Nilirudi mara nne. Deni halikwisha, ila usingizi ulirudi.

Miaka baadaye nilisoma habari za Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, nikalikumbuka lile daftari. Mgonjwa wake mmoja alijiua. Familia ilikuwa imekosa dola 15 za nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006 Chibanda akaanza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, na mabenchi nje ya zahanati. Mwanzoni benchi liliitwa la afya ya akili, watu wakalikwepa. Mabibi ndio waliomwambia abadili jina, likawa Benchi la Urafiki. Washona wa huko nao hawasemi sonona. Wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mawazo yetu yaleyale.

Bibi huanza na maswali 14 ya kupima hali, kisha humsaidia mgeni wake kuchagua tatizo moja, kutafuta njia, kupanga hatua na kurudi kueleza ilivyokwenda. Vikao havizidi 6. Utafiti uliochapishwa Desemba 2016 ulifuatilia watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi 6, karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya waliokaa benchini, hawakufika 14 katika kila 100.

Kenya nako mpango wa Shamiri umewatumia vijana waliotoka sekondari karibuni kuongoza wanafunzi kwa vikundi, saa moja kwa wiki, wiki 4 tu, na sonona na wasiwasi vikapungua. Kijana wa miaka 20 si bibi, lakini mwanafunzi humwamini kwa kuwa mtihani alioufanya bado hajausahau.

Wapo wanaosema hili ni gumzo la barazani lililopewa jina. Hapana. Barazani kila mtu ana ushauri, na hakuna anayekuuliza Jumatano kama ulikwenda. Wale mabibi hufundishwa na husimamiwa, na kazi ngumu kwao ni kunyamaza. Kwa mtu mzima wa Kiswahili, naamini hilo ndilo somo zito kuliko yote.

Mabibi hao pia wanajua mwisho wa benchi lao. Anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayepanga kujidhuru, hupelekwa kwa wataalamu. Kwa hiyo, msomaji, jirani akikwambia ana mawazo, muulize lipi, kisha mpangie siku ya kurudi. Akikwambia amechoka kuishi, acha daftari. Mpeleke hospitali leo hiihii, na usimwache aende peke yake.