Siku ya Kuzaliwa kwa Mtoto Mdogo

Siku hizi hata vijijini mtoto akitimiza mwaka wazazi huwaza keki, maturubai na spika. Wapo wanaokopa. Si vibaya kufurahi, lakini mtoto wa miaka miwili au mitatu hajui bei ya keki. Anachokijua ni kwamba leo baba na mama wako naye na bibi amekuja. Umati na kelele humchosha, na mara nyingi husinzia akilia kabla keki haijakatwa.

Basi alikeni watoto wanne au watano, kila mmoja na mlezi wake. Anzeni saa tisa alasiri, baada ya usingizi wa mchana, na saa kumi na moja muwe mmemaliza. Bibi au babu asimulie jinsi mtoto alivyozaliwa: nani alimsindikiza mama hospitali, na kwa nini alipewa jina lile. Watoto hupenda mno kusikia habari zao wenyewe. Mkiwa na uwanja, pandeni mwembe, naye atajipima nao kila mwaka.

Kuhusu chakula, pilau isipikwe asubuhi ikangoja jioni. Katika mchele mna vijidudu visivyokufa vyote kwa kuchemshwa. Wali ukikaa sufuriani bila kuliwa, huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata mkiupasha moto tena. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Soda ya mililita 300 yaweza kuwa na sukari ya vijiko vinane vya chai. Juisi ya ukwaju au ya embe iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa yatosha sana. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali. Na ile desturi ya kulishana keki kwa kijiti kimoja, ukumbi mzima, tuiache: kila mtu na kipande chake, baada ya kunawa mikono kwa sabuni.

Hatari kubwa zaidi ni kupaliwa. Karanga, peremende za mviringo na vipande vya puto lililopasuka huziba koo la mtoto kwa dakika moja tu, wakati watu wazima wanapiga soga. Walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima wala peremende ngumu, na wote wale wakiwa wameketi, si wakikimbia.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Asipoweza kutoa sauti, mwinamishe mbele, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Kitu kisipotoka, simama nyuma yake, mkumbatie, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute kwa ndani na kwenda juu mara tano. Rudia hivyo kwa zamu huku mwingine akitafuta usafiri. Aliye chini ya mwaka mmoja asiminywe tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze na kumbonyeza katikati ya kifua mara tano. Msiingize kidole kooni kukitafuta kitu msichokiona. Mtakisukuma ndani zaidi. Hata kikitoka, mtoto aliyeminywa tumbo apelekwe akapimwe.

Kumwagia maji mwenye sherehe ni mchezo wa vijana. Mtoto mdogo huogopa, na maji yanaweza kumwingia puani. Mishumaa nayo iwashwe kwa muda mfupi, mbali na magauni ya nailoni.

Wageni wakishaondoka, toeni kadi ya kliniki muitazame. Mtoto wa mwaka mmoja kwa kawaida huwa na uzito unaokaribia mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Nchini Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na wengi huisahau hiyo ya pili. Kama nafasi yake katika kadi ni tupu na miezi imefika, nendeni kliniki wiki hiyo hiyo.